Pembe Nne za Leso

Leso ina pembe nne, na likizo ile nilizitumia zote. Katika pembe ya kwanza nilifunga nauli ya kurudi, kwa sababu nilikuwa namjua mume wangu. Katika ya pili nilifunga kodi ya chumba. Ya tatu ilikuwa ya chakula, makaa, mafuta ya taa, maji na sadaka ya Jumapili. Ya nne ilikuwa ya mashua yenye kioo chini, na hiyo niliipiga mafundo mawili. Nilijifunga leso ile kiunoni, ndani ya gauni, nikatoka nayo Kaloleni, tukavuka Kilifi kwa feri, tukafika Malindi, na njia nzima nilikuwa nikijipapasa pembe ya nne.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ile ile ya misheni niliyofundisha mimi. Mtu angedhani basi yeye ndiye angeshika fedha. Lakini hesabu zake zilikuwa za ubaoni tu. Akiwa na mshahara mfukoni, kila aliyemsalimia vizuri aliondoka na kitu. Hata sasa ninapoandika haya yuko hapo kibarazani, anasema nimezidisha. Sijazidisha.

Sote wawili ni watu wa bara. Tulipangiwa kazi Kaloleni tukiwa ndiyo kwanza tumeoana, na kwa miaka mitatu tukakaa karibu na bahari kuliko ndugu zetu wote bila ya kwenda kuitazama ipasavyo. Nami nilikuwa nafundisha jiografia darasa la sita. Kila mwaka nilichora matumbawe ubaoni kwa chaki ya rangi, nikiyanakili kutoka kitabuni, na kitabu chenyewe kilikuwa na picha nyeusi na nyeupe. Muhula ule, msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, mtoto wa mgema wa hapo hapo Kaloleni, aliinua mkono akauliza:

“Mwalimu, wewe umeyaona?”

Nikasema bado.

“Basi umejuaje kuwa ni mekundu?”

Hakuwa na utovu wa adabu, alitaka kujua. Darasa zima lilikuwa likinitazama. Niliwaambia kwamba shule zikifunguliwa baada ya likizo ya Agosti, nitakuwa nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe. Watoto hawasahau ahadi ya mwalimu. Nilijua siku ya kwanza tu yule msichana ataniuliza, na nilijua siwezi kusimama pale nikajibu bado kwa mara ya pili.

Ndiyo maana pembe ya nne ilikuwa na mafundo mawili.

Hoteli za ufukweni hatukuzifikiria kabisa. Mwalimu mwenzetu alituelekeza kwa mama mmoja mjane, Mswahili wa Malindi mjini, aliyekuwa akipangisha chumba kimoja cha nyumba yake kwa watu wenye adabu. Tulimkuta uani anakuna nazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni, piteni. Chumba chenu ni hiki, maji yanaletwa asubuhi kwa mkokoteni, na seredani yenu ya makaa mtaiweka pale pembeni, msije mkanifukizia nguo.”

Nilimlipa kodi ya wiki nzima papo hapo, pembe ya pili ikabaki tupu. Alizipokea zile noti kwa mikono miwili, akanionyesha paa la jiko lake lililokuwa limeoza nusu.

“Hizi ni za makuti,” akasema. “Vuli iliyopita nilipika na mwavuli mkono mmoja, mwiko mkono mmoja. Mwaka huu sitaki tena.”

Malindi ya miaka ile ilikuwa na bei tatu: bei ya Mtaliano, bei ya mtu wa Nairobi na bei ya mwenyeji. Ile ya tatu haikutajwa mpaka uwe umesalimia kikamilifu, ukauliza habari za usiku, za nyumbani, za watoto na za kazi, na ukajibiwa zote bila kutazama nyanya. Mimi nililijua hilo mapema. Niliongezea na salamu za Kigiriama nilizofundishwa na wanafunzi wangu, na akina mama wa sokoni wakacheka, wakanipa na pilipili za bure. Mume wangu alikuwa akifupisha salamu na kulipa bei ya Nairobi, kisha akawashukuru. Siku ya kwanza nilimvua madaraka ya kwenda sokoni, akabaki na kazi ya kubeba kikapu.

Mwenye mashua naye tulimwendea siku hiyo hiyo. Alituambia tusubiri. Maji yalikuwa makubwa na yamechafuka, bamvua lingefika mwisho wa safari yetu, na hapo bahari ingekupwa sana, kioo kionyeshe kila kitu. Alitaja bei. Nikaishusha kidogo, na nilipofika chumbani nikaona kwamba pembe ya nne inatosha watu wawili sawasawa, hakuna cha kuongeza wala cha kupunguza. Nililala kwa raha.

Ila kabla sijalala, mama alikuwa amebisha hodi.

Alikuja na sahani ya bluu yenye maua meupe, imefunikwa kwa kawa. Ndani mlikuwa na wali wa nazi na kipande cha nguru wa kupaka, harufu yake imetangulia kufika kabla yake.

“Ni kionjo tu,” akasema. “Leo mmechoka.”

Tulikula mpaka mume wangu akakomba mchuzi kwa kidole. “Tumeokoa makaa na chakula cha jioni,” akasema. “Likizo imeanza vizuri.”

Sahani ikabaki kwetu. Asubuhi niliiosha, nikaikausha, nikaitazama. Mama yangu mzazi, huko bara, hakuwahi kurudisha kikapu cha jirani kikiwa kitupu, hata kama ni viazi viwili angetia. Nikawasha seredani nikapika chapati, zile laini zenye matabaka, kwa unga niliotoka nao Kaloleni. Nilipompelekea nilimweleza kila kilichomo, na kwamba mafuta ni ya duka la mtaani kwake, asije akala kwa wasiwasi.

“Mashallah,” akasema, akizifunua moja moja. “Mwanangu, hukuwa na haja ya kujisumbua.”

Lakini uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukielewa siku ile. Sasa ninakijua. Ni uso wa mtu aliyekuwa amekwisha kufunga jiko, akaona itabidi alifungue tena.

Jioni hiyo hiyo sahani ilirudi na mkate wa sinia, umeumuka, juu yake zabibu. Nikajibu kwa nyama na viazi. Akaleta pilau. Nikajibu kwa samaki wa kukaanga na kachumbari, nikatia na maembe. Akaleta mbaazi za nazi na mahamri, na kwa kuwa hiyo ilikuwa asubuhi, nikalazimika kumjibu mchana. Niligundua kwamba sahani ikiwa kwangu, mimi ndiye ninayedaiwa, na ikiwa kwake anadaiwa yeye, na haikuwahi kulala nyumba moja siku mbili. Tulikuwa tunapishana uani tukitabasamu. “Ahsante sana mama.” “Ahsante ni yako, mwalimu.” Kisha kila mtu anaingia kwake na kuanza kufikiria sufuria.

Mume wangu alinenepa. Alikaa barazani akisoma gazeti, na sahani ilipopita aliinua kawa kidogo akachungulia, ikienda au ikirudi, kwake ilikuwa sawa.

“Nimepiga hesabu,” akaniambia Alhamisi. “Wiki hii nusu ya chakula tumekula bure.”

Nikafungua gauni langu kiunoni nikamwonyesha pembe ya tatu. Ilikuwa imelegea. Zilibaki za sadaka na za maji, basi.

“Bure?” nikamwambia. “Hebu nionyeshe hiyo bure kwenye hesabu zako.”

Alikunja gazeti lake. Kisha akasema, kwa upole wake ule unaonitia hasira mpaka leo, kwamba labda tufungue ya nne. Nilimwambia kwamba akiigusa pembe ya nne atarudi Kaloleni peke yake, tena kwa miguu, na Kilifi ataogelea.

“Basi mrudishie sahani tupu.”

Hilo nalo ndilo lililokuwa likiniuma. Nilijaribu. Nilishika sahani safi, tupu, nikafika mlangoni, nikamwona mama amekaa kwenye kibao chake anapepeta mchele. Ningepita vipi na sahani tupu mkononi mbele ya mtu aliyenipa pilau? Nikarudi chumbani. Nilikaanga mayai yaliyobaki, nikayapanga yaonekane mengi.

Ijumaa akaleta biriani.

Biriani ya nyama ya mbuzi, na vitunguu vya kukaangwa, na rojo yake pembeni, na wali una zafarani. Hata mume wangu hakukimbilia kula. Alinitazama mimi. Mtu hamrudishii mwenzake mayai kwa biriani. Usiku ule nilifungua fundo la kwanza la pembe ya nne, nikalala nikiwa nimeishika, na nilikuwa na uchungu. Nilimwona yule msichana wa dirishani ananyoosha mkono.

Jumamosi asubuhi nilikwenda sokoni peke yangu. Nilikuwa nimeamua kuku. Tena kuku mzima, achinjwe pale pale na Mwislamu, mama awe na uhakika. Muuzaji alikuwa na tenga la kuku, wengi wamekonda, ila alikuwamo mmoja mwekundu, mnene, mwenye kifua. Nikamshika mguu. Wakati huo huo mama mmoja mwenye buibui, amejifunika uso, akamshika mguu wa pili.

“Nimemwona kwanza,” nikasema.

“Umemwona, hujamnunua.”

Muuzaji alikunja mikono akafurahi. “Mimi sina neno,” akasema. “Anayeongeza ndiye anayemchukua.”

Nikaongeza. Akaongeza. Nikaongeza tena, na sasa nilikuwa nimekwisha kula kiti cha mume wangu kwenye mashua na ninaanza kula changu. Kuku alikuwa anatutazama kwa zamu. Nikaona nimwombe tu.

“Mama, tafadhali niachie. Mimi nina sahani ya watu nyumbani.”

Mkono wenye buibui ukasita. “Sahani gani?”

Hapo nikaitambua sauti. Nikatamani nijifiche ndani ya tenga.

“Ya bluu,” nikasema.

“Mwalimu?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Akafunua uso. “Kuku wa nini?”

“Wa kwako.”

“Loo,” akasema. “Na mimi nilikuwa nakununulia wewe. Nilijua jioni utaniletea makubwa, na sina kitu cha kukujibu.”

Aliuachia ule mguu, nami nikauachia wangu, kuku akarudi kwa wenzake. Mama alikaa juu ya gunia la mchele la jirani, akaanza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, kisha ikatoka yote, akawa anajifuta macho kwa ncha ya buibui. Nami nikacheka. Muuzaji akauliza kama tutachukua kuku au hatuchukui, na hakuna aliyemjibu.

“Hebu nambie kweli, mwanangu,” akasema alipopata pumzi. “Nyinyi watu wa bara, msiporudishiwa mnaudhika?”

“Hatuudhiki. Nilidhani nyinyi ndio mnaoudhika.”

“Sisi? Ile sahani ilikuwa ya siku ya kwanza tu. Mgeni akifika hapiki. Ulipoileta na chapati nikasema, kumbe hawa ndivyo walivyo, basi na tuwafuate. Wallahi nimechoka. Biriani sijapika tangu Idi.” Akashusha sauti. “Kodi yenu yote nimewalisha nyinyi wenyewe. Makuti sijanunua hata moja.”

Nikamwambia na yangu. Nikamwonyesha pembe ya tatu iliyolegea na pembe ya nne yenye fundo moja, nikamweleza habari ya msichana na chaki nyekundu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Twende zetu,” akasema. “Leo hapiki mtu peke yake.”

Jioni ile tuliwasha seredani moja. Yeye alitoa mchele uliobaki na nazi, mimi nikatoa maharagwe niliyotoka nayo Kaloleni, nayo tukayatia nazi mpaka yakalainika. Hatukupakua sahanini. Alitoa sinia kubwa, akaliweka juu ya mkeka uani, tukalizunguka watatu, kila mtu akila upande wake. Sinia haliendi kwa jirani wala halirudi. Nilikula kwa amani kuliko siku zote za wiki ile.

“Hayo matumbawe yako,” mama akasema huku akilichambua harage, “mimi sijayaona.”

Mume wangu akaacha kutafuna.

“Nimezaliwa mtaa huu,” akaendelea. Akaupiga ukuta nyuma yake kwa kiganja. “Nyumba hii yote ni matumbawe. Mawe haya, na chokaa iliyotokana na kuyachoma. Nimezaa ndani ya matumbawe. Lakini yakiwa hai, huko yaliko, sijayaona. Zile mashua ni za wageni. Nani atanipakia mimi na buibui langu?”

Nilijua mume wangu atasema nini kabla hajafungua kinywa, maana uso wake ulikuwa na ile nuru yake ya siku za mshahara.

“Nenda naye wewe,” akaniambia. “Kiti changu mpe mama.”

Miaka yote ya ndoa yetu nimekuwa nikiushika ule mkono wake usitoe. Jioni ile sikuushika. Nilimpenda sana. Pia nilijua kwamba anaogopa maji, na kwenye feri ya Kilifi alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, lakini hilo sikulisema mbele ya mama.

Jumatatu maji yalikupwa mpaka mchanga ukaenda mbali. Tulikwenda wote watatu hadi zinapofungwa mashua. Ndani ya ile yetu walikuwa wamekwisha kukaa Wataliano wawili, mtu na mkewe, wekundu kwa jua. Kijana mwenye mashua alipoona buibui alianza kueleza bei upya, kwamba tuliyopatana ilikuwa ya wiki iliyopita. Mama alimsogelea akamtazama usoni.

“Wewe si wa yule mke wa mshona makanzu?”

“Ndiye mimi, bibi.”

“Mimi ndiye niliyekukanda ulipozaliwa. Siku saba nilikuogesha, nawe ukanikojolea kila siku. Bei gani umesema?”

Bei ikawa ya mwenyeji. Ilishuka mpaka kiti cha tatu kikawezekana, na pesa zikabaki. Nikamwita mume wangu.

“Hapana, hapana,” akasema, akirudi nyuma mchangani. “Nani atalinda viatu?”

Tukamwachia viatu.

Sijui kuyaeleza vizuri niliyoyaona, na kwa mwalimu hilo ni jambo gumu kulikiri. Kioo kilikuwa na ukungu kwanza, kisha kijana akakimwagia maji, na chini yetu pakafunguka. Hayakuwa mekundu. Mengi yalikuwa ya rangi ya kahawia na ya manjano iliyofifia, mengine zambarau kwenye ncha, mengine mviringo yenye mikunjo. Samaki walipita katikati yake bila haraka. Mama alianza kwa kuwatambua jikoni. Huyu mtamu wa kupaka, huyu ana miiba, huyu msimguse, huyu wa mchuzi mkavu. Mtaliano alitaka kujua anasema nini, kijana akamfasiria, mkewe akacheka na kuandika.

Kisha mama akayasahau mapishi. Aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo, na mkono wake ukautafuta wangu.

“Subhanallah,” akasema polepole. “Kumbe nyumba yangu ilikuwa hivi.”

Nilifurahi, nikaushika. Fundo la leso sikulipapasa, wala sikulikumbuka.

Siku ya kuondoka niliiosha ile sahani ya bluu, nikaikausha, nikaivusha uani tupu chini ya kawa lake. Mama aliipokea, akafunua kawa, akaona hakuna kitu, akaiweka kifuani.

“Sasa umekuwa wangu,” akasema. “Wanangu nao hunirudishia hivi hivi.”

Makuti yalimfikia kabla ya vuli. Kaloleni makuti si kitu cha kutafuta kwa tochi, na mume wangu alikwisha kumwahidi kabla sijamkonyeza anyamaze. Safari hiyo, hata hivyo, nisingemkonyeza.

Shule zilipofunguliwa niliingia darasani bila chaki ya rangi. Yule msichana alingoja mpaka nimeita majina yote. Kisha akainua mkono.

“Mwalimu, umeyaona?”

“Nimeyaona,” nikasema. “Na si mekundu.”

Nikakaa juu ya meza, jambo tulilowakataza wao, nikawasimulia yote. Niliwasimulia kioo na samaki na mtu na mkewe, na kuta za nyumba, na mama aliyewatambua samaki kwa mapishi. Walicheka sana kwenye kuku. Msichana wa dirishani hakucheka, alikuwa anafikiri.

“Huyo mama,” akauliza, “anakaa pale pale Malindi?”

“Pale pale.”

“Tangu kuzaliwa? Na alikuwa hajayaona?”

“Alikuwa hajayaona.”

Alitazama nje, kule minazi ya baba yake ilikokuwa, kisha akanigeukia.

“Basi na sisi tutayaona,” akasema, akaketi.

Jioni nilipovua gauni nikakuta chenji ya mashua bado imefungwa kwenye pembe ya nne. Nilikuwa nimepanga kuinunulia sukari. Nikaongezea kidogo, nikapiga mafundo mawili.